Thamani ya Gari Lililoharibika: Nasaha kwa Wenye Magari wa Kitui na Makueni

Mkataba wa bima ya gari ni waraka ambao mwenyewe aghalabu huukumbuka mara mbili tu: mara ya kwanza anapolipa ada na kukabidhiwa cheti, akiwa na haraka ya kuondoka kwa wakala, na mara ya pili gari lake linapokuwa limelala mtaroni kando ya barabara kuu ya Mombasa, baina ya Salama na Sultan Hamud, boneti imejikunja, rejeta inavuja, na watu wamejaa wakimpa pole na kumuuliza kama ana bima. Swali hilo la bima ni jema, lakini halitoshi. Swali linalofuata, ambalo wengi hulipata jibu lake wakiwa wamechelewa, ni hili: kampuni itasema gari hili lilikuwa na thamani ya shilingi ngapi, na itaifikia hesabu hiyo kwa njia gani? Maksudi ya makala hii ni kulijibu swali hilo kwa wenye magari wa Kitui na Makueni, na kuwathibitishia jambo moja ambalo mengine yote hulifuata: kwamba gari huthaminiwa kwa jinsi lilivyokuwa dakika moja kabla ya kugongwa, na kwa hiyo, katika mabishano yatakayozuka, mwenye nguvu ni yule aliyejiwekea ithibati ya hali ya gari lake wakati lilipokuwa zima.

Kaunti hizi mbili zina sababu zao za kulijali jambo hili. Makueni imepitiwa na barabara ya Nairobi kwenda Mombasa tangu Salama hadi Mtito Andei, ambako malori ya makasha hufuatana usiku na mchana, na gari dogo likibanwa baina ya mawili halina pa kukimbilia. Barabara ya lami itokayo Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, na kuendelea hadi Kabati na Migwani, imefupisha safari zilizokuwa za vumbi la kutwa nzima. Lakini lami imeleta mwendo wa kasi mahali ambapo punda, mbuzi na ng'ombe wangali wakivuka njia kama walivyovuka zamani. Upande wa kaskazini, barabara ya Thika kwenda Garissa hupita Mwingi, Nguni na Ukasi, na penye mito ya msimu dereva hukutana na adui mwingine, nayo ni maji. Katika mto Enziu, karibu na Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lilisombwa na mafuriko na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Na yeyote anayeukumbuka msiba ule hatashangaa nitakapomsihi, mbele kidogo, atazame kama mkataba wake unayataja mafuriko.

Kwanza msomaji ajue bima aliyo nayo ni ya namna gani. Bima ya mtu wa tatu, ile ambayo watu huiita thadi pati, haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa gari lake mwenyewe. Humlipia madhara aliyowafikishia wengine. Nayo sheria iliyoifanya bima ya gari kuwa lazima, yaani Sura ya 405 ya sheria za Kenya, imeshurutisha dhamana ya vifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali haumo katika sharti hilo, na huingia katika bima kwa sababu kampuni yenyewe imeuandika mkatabani, kwa kiwango ilichokitaja. Anayetaka gari lake mwenyewe lilipwe hana budi kuwa na bima kamili, komprehensivu kama isemwavyo, na sehemu kubwa ya makala hii inamhusu yeye. Lakini mwenye thadi pati asiondoke, kwa maana lipo fungu lake huko mbele.

Msingi wa bima ya mali ni fidia, na maana ya fidia ni kumrejesha aliyepata hasara pale alipokuwa, asipungukiwe wala asitajirike. Kwa mujibu wa msingi huu, kampuni haiulizi ulilinunua gari kwa kiasi gani, wala deni lako la benki limebakia kiasi gani, wala gari jipya la namna hiyo linauzwa kiasi gani leo. Inauliza hivi: lau ungeliliuza gari hili asubuhi ile, likiwa na umri wake, kilomita zake, rangi yake iliyochubuka na injini yake kama ilivyokuwa, mnunuzi mwenye akili timamu, asiye na haraka, angelitoa shilingi ngapi? Hiyo ndiyo bei ya soko, na hiyo ndiyo thamani inayokusudiwa katika takriban mikataba yote ya bima kamili hapa Kenya.

Wengi hudhani kwamba bei hii hushuka kila mwaka kwa kipimo kilekile, nao wamekosea. Soko letu hulishwa na magari yaliyotumika yatokayo Japani, na kanuni za nchi haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo gari la miaka kumi na miwili lililoko Wote halina mwenzake anayeshushwa bandarini leo, na bei yake huamuliwa na wauzaji na wanunuzi wa humu ndani. Fauka ya hayo, thamani ya shilingi nayo ina neno lake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na gharama ya kuagiza gari ikapanda nayo. Katika mwaka uo huo dola ikashuka hadi karibu na shilingi 130, na hesabu za waagizaji zikabadilika tena. Mtu aliyenakili thamani ya mwaka juzi katika mkataba wa mwaka huu bila ya kuuliza soko linasemaje, amebahatisha, na bahati katika bima huwa dhidi ya mwenye gari.

Huwa dhidi yake kwa pande zote mbili. Kiasi kilichoandikwa katika mkataba ni dari tu: kampuni haitalipa zaidi ya hapo, lakini yaweza kulipa pungufu. Tuchukue gari la Probox, ambalo ni mashuhuri sana katika kaunti hizi, na tuseme bei yake ya soko ni shilingi 700,000. Mwenyewe akiliandikisha kwa 900,000 kwa kutumaini kwamba atalipwa 900,000, amelipa ada ya bure kwa hizo 200,000 za juu, kwa kuwa siku ya hasara kamili atahesabiwa 700,000. Akiliandikisha kwa 500,000 ili ada iwe nyepesi, amejidhulumu kwa namna iliyofichika zaidi, kwa maana mikataba mingi ina sharti la uwiano: aliyekata bima ya sehemu tano katika saba za thamani hulipwa sehemu tano katika saba za kila hasara. Matengenezo yakigharimu 210,000, kampuni itatoa 150,000, na 60,000 zitamwelemea yeye, juu ya ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mkataba humwachia mwenye gari aibebe. Wengi huona ajabu siku hiyo, wakasema wameibiwa. Lakini sharti lilikuwamo katika waraka tangu siku ya kwanza.

Dawa ya hitilafu hizi ni ripoti ya uthamini. Kampuni humpa mwenye gari barua ya kumpelekea mthamini iliyemkubali, mathalani Chama cha Wenye Magari cha Kenya kinachojulikana kwa jina la AA, na gari hukaguliwa likiwa zima. Barua hiyo huwekewa siku chache za kutumika, na wako wanaoiacha katika droo ya gari mpaka muda wake ukapita, wakidhani ni karatasi ya kawaida. Hao ndio ambao siku ya ajali hubaki na neno lao tupu. Ripoti ikitoka, isome. Aghalabu hutaja bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa shida, na ya pili huwa chini ya ya kwanza kwa sababu imewekwa kwa ajili ya mkopeshaji anayetaka kujua atapata nini akilinadi gari upesi. Hakikisha iliyoingia katika mkataba ni ile ya soko. Tazama mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, na kilomita. Tazama pia kama redio, rimu za aloi na chuma cha mizigo juu ya paa vimetajwa, kwa sababu kisichotajwa hakilipwi, na redio na kioo cha mbele huwa na viwango vyao mbali. Kisha funga faili: risiti ya injini iliyobadilishwa, risiti ya tairi mpya, kumbukumbu za huduma, na picha za gari kutoka pande zote nne pamoja na dashibodi. Mali bila daftari huisha bila habari, na methali hii haikupata mahali pa kusadikika zaidi kuliko gereji ya gari lililogongwa.

Ajali ikitokea, uhai wa watu hutangulia kila kitu; baada ya hapo, mambo machache hulinda thamani ya gari. Piga picha kabla halijasogezwa, na uziweke zionyeshe barabara, alama za breki na gari la pili pamoja na namba zake. Usikiri kosa wala usiahidi malipo pale njiani, kwa maana neno hilo laweza kuidhuru hata kampuni yako. Piga ripoti polisi na uombe abstrakti, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali. Iarifu kampuni siku ileile. Na ujaze fomu ya madai kwa ukweli mtupu, kwa sababu bima ni mkataba wa uaminifu kamili, na uongo mdogo kuhusu aliyekuwa usukani waweza kulibatilisha dai lote. Toa vitu vyako vyote garini, kisha andika na upige picha ya kila kilichobaki, betri, tairi ya akiba, redio, kabla gari halijaachwa katika uwanja wa kituo au wa gereji, kwa maana kitakachopotea hapo kitahesabiwa kwamba hakikuwapo. Uliza gharama za kulivuta na kulilaza, kwani kampuni hulipa kuvuta kwa kiwango maalumu tu, na gari lililovutwa kutoka Kibwezi hadi Nairobi laweza kukivuka. Wala usimruhusu fundi kufungua hata parafujo kabla ya kampuni kutuma mkaguzi wake.

Mkaguzi huyo, ambaye mafundi humwita asesa, ndiye atakayeandika ile hesabu, na inafaa kumtazama akifanya kazi. Asesa hodari huanza na namba: huisoma namba ya chasisi na kuilinganisha na logibuku na mkataba. Kisha huinama mbele ya gari kutazama mihimili miwili inayobeba injini, kwa kuwa boneti hubadilishwa kwa saa moja ilhali mhimili uliokunjika huhitaji mashine ya kuvuta, na hata ukinyooka haurudi kuwa kama wa kiwandani. Hupitisha kidole katika mianya ya milango, na akiona mwanya wa mlango wa dereva ni mpana juu na mwembamba chini, hujua bodi imepinda ijapokuwa rangi haikuguswa. Hutazama kama mifuko ya hewa imefumuka, kwa maana mifuko miwili, mikanda yake na kompyuta yake huweza kugharimu kuliko taa, bampa na boneti kwa pamoja. Mwishowe hupima kina cha tairi, husoma kilomita, na huandika kila doa la kutu, kwa sababu kutu haikuletwa na lori.

Hayo ya mwishoni ndiyo mwenye gari huyasahau. Asesa ana maswali mawili, si moja: matengenezo yatagharimu kiasi gani, na gari hili lilikuwaje jana? Lile la pili hulijibu kwa vitu anavyoviona, na asipoonyeshwa risiti ya injini mpya atalihesabu gari kwa injini ya umri wake. Basi uwepo siku anapokuja, mpe nakala za faili lako, umwonyeshe yale ambayo jicho halitayaona, na umwombe kwa adabu kwamba yaingie katika ripoti. Akija bila ya wewe kujua, iandikie kampuni barua na uambatanishe nakala hizo.

Baada ya hapo huja uamuzi wa kulitengeneza gari au kuliandika kuwa hasara kamili. Kampuni nyingi hapa nchini huweka mpaka karibu na nusu: gharama ya matengenezo ikipita nusu ya thamani ya gari kabla ya ajali, gari halitengenezwi. Mtu anaweza kuona ajabu, akasema, kwa nini gari la 700,000 liachwe kwa ajili ya matengenezo ya 410,000? Jibu liko katika mabaki. Gari lililovunjika bado ni mali. Kampuni hualika wanunuzi watoe bei, na tuseme mmoja ametoa 180,000. Kwa hiyo kampuni ikimlipa mwenye gari na kuyauza mabaki, hasara yake halisi ni 520,000. Makadirio ya 410,000 yako chini ya hapo kwenye karatasi, lakini makadirio ni ya yaliyoonekana kwa macho. Gari likifunguliwa, giaboksi na nyaya zenye hitilafu hujitokeza, na bili ya pili hufuata ya kwanza. Kampuni imejiwekea nafasi ya tahadhari baina ya hesabu hizo mbili. Mwenye gari anayeielewa hesabu hii anaweza kuzungumza nayo: akitaka gari lake litengenezwe, alete makadirio ya gereji nyingine inayotambuliwa, yenye kuonyesha kwamba mihimili ni mizima na spea zapatikana, na akiona gharama imepunguzwa kwa makusudi ili gari bovu litengenezwe kwa viraka, alete ushahidi wa kinyume chake.

Tuendelee na mfano huo hadi shilingi ya mwisho. Thamani ya soko ni 700,000. Tuseme safari hii mwenyewe aliliandikisha kwa 800,000, na mkataba umemwachia asilimia 2.5 ya kiasi hicho, yaani 20,000. Akiyaacha mabaki kwa kampuni, malipo yake ni 680,000; akiyachukua yeye, hukatwa ile bei ya juu ya mnada, 180,000, akabaki na 500,000 na gari lililovunjika. Lakini ikiwa alilinunua gari kwa mkopo wa sacco, na sacco imeandikwa katika mkataba na katika logibuku, basi deni hutangulia: likiwa limesalia 300,000, na mabaki yameachiwa kampuni, mkononi mwake zitaingia 380,000. Na deni likizidi thamani ya gari, bima itakwisha na deni litabaki. Hapo ndipo wengi huilaumu kampuni kwa jambo ambalo liko baina yao na mkopeshaji, na ndiyo sababu mtu hafanyi busara kukopa zaidi ya bei ya soko ya chombo anachokinunua.

Je, inafaa kuyachukua mabaki? Kama mihimili ya chasisi ni mizima, na unaye fundi wa bodi unayemwamini, na unazo fedha za spea, yaweza kuwa faida. Kama chasisi imepinda, nasaha yangu ni kuyaacha, kwa maana gari hilo litakula tairi, litamtisha kila mnunuzi, na litapata shida kukubaliwa tena katika bima kamili. Ukiyaacha, usikubali kutia sahihi na kuondoka tu: hakikisha uhamisho wa umiliki umekamilika katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na uweke ushahidi wake, kwa kuwa gari lililouzwa kama mabaki na kutengenezwa likarudi barabarani kwa jina lako, litakuletea makosa ya trafiki na pengine jinai usiyoijua asili yake.

Ikiwa uamuzi ni kulitengeneza, hesabu ya thamani haijakwisha bado. Spea mpya ikichukua mahali pa ile iliyochakaa, kampuni yaweza kukutaka uchangie tofauti, kwa sababu fidia haikukusudia kukutoa na tairi kuukuu ikakurudisha na mpya. Uliza mchango huo mapema na ulipe wa vitu vinavyochakaa kwa matumizi, sio wa mlango au paa. Uliza pia kama spea ni mpya au zimetumika. Na kampuni ikikuletea karatasi ya kuthibitisha kwamba umeridhika na kazi ya gereji, liendeshe gari kwanza, ikiwezekana katika barabara ya changarawe, uone kama linavuta upande, kisha ndipo utie sahihi.

Kampuni ikitoa kiasi unachokiona hakina insafu, hasira haitaongeza hata shilingi. Omba ripoti ya asesa, na utafute kosa lake kwa utulivu: mwaka usio sahihi, kilomita zisizo zake, modeli ya chini iliyowekwa mahali pa ya juu. Tafuta bei za magari yanayofanana na lako, ya mwaka huo na kilomita zinazokaribiana, yanayouzwa wakati huo, na uzipunguze kidogo kwa kuwa bei ya kutangaza si bei ya kuuzia. Ajiri mkaguzi wako mwenye leseni. Andika kila kitu kwa barua, wala usitie sahihi hati ya kukubali malipo kamili na ya mwisho mpaka umeridhika, kwa sababu sahihi hiyo hufunga mlango. Sheria ya Bima inaitaka kampuni kulipa dai lisilo na mgogoro ndani ya siku 90 tangu lilipoarifiwa; na ikikaidi, mlalamishi anaweza kupeleka malalamiko yake, bila ya wakili, kwa mamlaka inayosimamia bima nchini, ijulikanayo kwa herufi IRA, iliyoko Upper Hill, Nairobi. Mahakama huwa ya mwisho.

Mabishano haya ya thamani, waama, ni ya yule ambaye dai lake limekubaliwa. Wako wasiofika hapo. Probox iliyokatiwa bima ya matumizi ya binafsi, ikapata ajali ikiwa na abiria waliolipa nauli kutoka Kibwezi hadi Mutomo, haina dai, hata ada ikiwa imelipwa hadi senti ya mwisho. Pikapu iliyoandikishwa kubeba mali ya mwenyewe, ikakutwa na maembe ya jirani kwa kodi kuelekea kiwandani Kalamba, imo katika hatari hiyohiyo. Kadhalika ile inayobeba pojo za watu wakati wa mavuno ya Kitui. Dereva asiye na leseni halali, au aliyekunywa, huiharibu bima ya mwenye gari pamoja naye. Na kuhusu mafuriko, soma kama yametajwa. Na hata yakiwa yametajwa, dereva anayeuingia mto uliofurika kwa kusudi huipa kampuni hoja ya uzembe, achilia mbali roho yake na za abiria wake. Tofauti ya ada baina ya bima ya binafsi na ya biashara huonekana kubwa siku ya kulipa, lakini ni ndogo mno ukiilinganisha na gari zima lisilolipwa.

Sasa fungu la mwenye thadi pati. Ukigongwa na mwingine kwa kosa lake, kipimo cha thamani ni kilekile, ila unamdai aliyekugonga na kampuni yake ndiyo hulipa kwa niaba yake. Gari likiwa hasara kamili, stahiki yako ni thamani yake kabla ya ajali kasoro ya mabaki. Likiwa la kutengenezeka, ni gharama ya kulirudisha katika hali yake, pamoja na gharama za kulivuta na ada ya asesa uliyemwajiri, zote kwa risiti. Usidhani kwamba ni lazima ulitengeneze kwanza kwa fedha usizonazo: katika kesi ya chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa cha Nkuene, iliyoamuliwa mwaka 2010, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ripoti ya mkaguzi iliyochanganua uharibifu na gharama zake yatosha kuthibitisha hasara, hata kama matengenezo hayajafanywa. Mapato yaliyopotea wakati gari limelala ni jambo jingine. Mahakama huyataka yathibitishwe barabara, kwa daftari za kila siku, na kwa muda unaostahiki tu. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Na dai la namna hii lina muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali, usiuache upite.

Neno kuhusu kampuni yenyewe ni fupi. Ada iliyo rahisi kupita kiasi si neema. United Insurance ilipoanguka 2005, na Blue Shield ilipowekwa chini ya msimamizi 2011, wenye magari wengi waligundua kwamba walikuwa na vyeti bila ya dhamana. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima wa kampuni zilizofilisika, ambao mwenye bima huuchangia robo ya asilimia moja ya ada yake, lakini malipo yake yana kikomo. Kabla ya kulipa, uliza wakala wako, na uulize gereji ya Wote, Kitui au Mwingi inayotengeneza magari ya bima: kampuni ipi hulipa bili zake kwa wakati? Mafundi wanazijua kampuni hizo vizuri.

Basi, ndugu msomaji, usingoje ajali ikufundishe. Leo jioni toa mkataba wako, utazame kiasi ulichoandikishiwa, matumizi yaliyotajwa, sharti la uwiano, sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe, na kama mafuriko yamo. Ulinganishe kiasi hicho na bei ya soko ya leo, na kikiwa kimetofautiana sana, mpigie wakala kesho asubuhi akirekebishe kwa maandishi. Piga picha za gari, weka risiti mahali pamoja, na mwanao au mkeo au mumeo ajue faili liko wapi. Ukifanya hayo, siku ya ajali utakuwa na haki na ushahidi wa kuidai.